Dawa Iliyozikwa Mlangoni

Miguu yangu ilianza kuwaka mwaka nilipofungua duka la chumvi na sabuni Kasongo. Si kuuma, kuwaka. Jua likipanda nyayo zinavimba, zinaiva wekundu unaoonekana hata kwenye ngozi yangu nyeusi, na mimi nakimbilia beseni la maji baridi huku wateja wananitazama. "Mama, tena?" Ndiyo, tena. Swali hilo nililichukia.

Kituo cha afya walisema tifoidi. Niliporudi, tifoidi. Wakapima sukari, hakuna, wakarudi kwenye tifoidi yao. Nilimeza vidonge mpaka masikio yakavuma. Shangazi yangu akanikanda kwa maji ya moto na pilipili. Siku ile nilimtukana shangazi, na sijutii.

Ndipo tukaita mufumu, mpiga ramli. Kwetu, mutu akiungua miguu bila moto, basi amekanyaga dawa aliyozikiwa. Mufumu akachimba mlangoni, akatoa kitambaa chenye mizizi, akasema aliyekizika ni mwanamke anayefagia hapo kila asubuhi. Aliyefagia alikuwa mmoja tu, wifi yangu, bibi ya kaka yangu. Aliapa kwa Mungu. Mimi, kwa maumivu na hasira, nikamwita mulozi, mchawi, mbele ya mtaa mzima. Kaka akamrudisha kwao Kabambare na watoto wake wawili.

Akaenda, na miguu ikaendelea kuwaka. Hapo mutu mwenye akili angejiuliza. Mimi sikujiuliza.

Miaka miwili ikapita. Munganga mgeni, daktari wa hospitali, akanishika mguu, akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: mama yako je? Nikamkumbuka marehemu mama, alivyokuwa akitafuta matope ya kukanyaga mchana kutwa, sisi tunamcheka.

"Hii ugonjwa iko," akasema. "Ni ya mishipa, inapata watu wachache, na mara nyingine inatembea katika ukoo. Hakuna aliyekuroga."

Akanipa vidonge, akanikataza beseni, maana kuloweka ndiko kulikokuwa kunanitoboa ngozi. Moto ulipungua, haukuisha.

Nikapanda pikipiki mpaka Kabambare, barabara mbovu ile, kwenda kuomba radhi. Nilimkuta anamenya mihogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Wifi, nimekusamehe," akasema. "Lakini sirudi. Kule kwenu watoto wangu ni watoto wa mulozi. Huku wana majina."