Mlinzi wa Kisanduku

Mlinzi wa kisanduku cha kupimia matetemeko pale Kinjumbi hutembea kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Kisanduku kimefukiwa nyuma ya zahanati, kinakula umeme kiduchu wa jua, na tangu wataalamu wamkabidhi, mwenyewe amejitia udaktari wa ardhi. Anaongea kwa kunong'ona. Paneli anaifuta kwa ncha ya shati, kisha anaipulizia kama uji wa mtoto. Fortunata, jirani wa zahanati, kamfukuza na kinu chake: "Dada, unaitetemesha nchi." Basi Fortunata sasa anatwangia mpunga kule makaburini, anawachosha wafu.

Juzi fundi alikuja kuchukua kumbukumbu, akafungua kompyuta. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, mstari ulikuwa umeruka mara tatu. "Hapa kuna mtu anatwanga," akasema. Mlinzi akamgeukia Fortunata, aliyekuwa akipita na kinu kichwani. Fortunata akatua kinu. Saa hiyo yeye huwa kisimani, na kijiji kizima kinajua.

"Labda ni mimi," mlinzi akanong'ona mwishowe. "Huwa naipiga ardhi mateke matatu, kuangalia kama kisanduku kiko macho."

Fortunata alikiacha kinu palepale, akaenda kuleta mpunga, kwa kunyata.