Mshale wa Mjomba

Kifaa nilikiundia Mashimoni, Kibera, ndani ya kontena la plastiki la mafuta ya kupikia. Kilikuwa na kipokezi cha setilaiti nilichopewa na mhadhiri wangu nilipomaliza chuo, kioo kidogo kilichotoka kwenye faksi mbovu, na programu niliyoiandika mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha mjomba mshale wa kurudi nyumbani. Mjomba alikuwa na boti ya injini huko kwetu, Ziwa Victoria, na mwaka uliotangulia ukungu ulimzungusha majini hadi petroli ikaisha. Alipookotwa hakuweza kusimama.

Chini ya mabati kifaa hakikushika setilaiti yoyote, kwa hiyo nilikijaribia nje, mbele ya watu.

"Niaje, mtu wa anga," jirani alinitania kwenye foleni ya maji. "Wamekujibu?"

Nilicheka, nikarudi kukikazia macho kifaa. Hata kilipotulia juu ya kiti, namba ziliyumba kana kwamba kiti kinatembea. Nilijua kwamba siku hizo wenye setilaiti walikuwa wakivuruga kipimo kwa makusudi, wakibakiza kile kamili kwa jeshi lao. Nilijua, na bado nilishuku waya wangu.

Jaribio la mwisho lilikuwa juu ya mkokoteni. Jamaa mmoja alikuwa akipeleka mbao Kawangware, ambako mjomba alikuwa amefikia kwa binti yake. Nikakifunga kifaa juu ya mbao, nikawa natembea kando yake.

"Kwani wewe hujui Kawangware ni wapi?" aliuliza yule jamaa, jasho likimtiririka.

"Mimi najua. Hiki ndicho hakijui."

"Basi kishuke kisukume."

Mshale uliyumbayumba, lakini ulitufikisha hadi kwenye geti la ploti alikopanga yule binti. Mjomba akakipokea kwa mikono miwili. Angepanda basi la kurudi ziwani kesho yake jioni.

Kesho yake alasiri nilipita kando ya shule ya chekechea karibu na mtaa wa Ayany. Ukutani walikuwa wamechora ramani ya Kenya, na mstari mwekundu wa Ikweta ukikata nchi hadi ziwani. Nairobi ilikuwa chini ya mstari. Kwetu kulikuwa upande wa juu, kaskazini.

Nikausogelea ukuta. Namba za kifaa zilihesabu umbali kutoka Ikweta, na herufi moja pembeni ndiyo iliyosema kama uko kaskazini au kusini. Herufi hiyo nilikuwa nimeiacha ili kuokoa nafasi. Kibera ni kusini, Kawangware ni kusini. Niliona haina kazi. Lakini programu ilidhani namba ikikua unaelekea kusini, na kwetu ni kinyume. Mjomba akitaka kurudi ufukweni, upande wa kaskazini, mshale ungemwelekeza kusini, kwenye maji matupu. Na kwenye ukungu angeuamini, kwa sababu mimi ndiye niliyeuchora.

Nilikimbia. Njia nzima nilimwona kichwani akiwa ameshaondoka, boti ikiwa imeshapotea, mama akiniuliza nilisomea nini.

Nilimkuta akifunga mzigo. Kifaa kilikuwa katikati ya blanketi.

"Usiende nacho, mjomba."

"Jana si ulisema kiko sawa?"

"Huku kiko sawa. Kwetu kitakugeuza."

Nikamweleza kwa kuchora sakafuni kwa chaki ya binti yake. Aliufuata mstari wa chaki kwa kidole.

"Nimeshawaambia watu kule nina mashine," alisema mwishowe, akifungua blanketi. "Haya. Kitengeneze."

"Nitakitengeneza. Lakini Nairobi nzima hakuna mahali pa kukijaribia upande ule."

"Basi utakuja nacho mwenyewe. Utakaa mbele, useme mshale unaelekea wapi. Mimi nitaendesha nimefumba macho."

"Mjomba, mimi sijui kuogelea."

Alikaza kamba ya mzigo wake.

"Vizuri," akasema. "Utakitengeneza sawasawa."