Aliyenishinda Kumvusha Keko

Siku waliyokuja kuniandikisha vitani nilikuwa nakandika nyumba. Mie na mke wangu Felista tulikuwa hatujamaliza hata mwaka Temeke tangu tutoke Songea. Yeye alikuwa anakanyaga udongo kwa miguu, kanga kaipandisha magotini, akinicheka kwamba ukuta wangu umeota tumbo. Jumbe akaja na karani. Hakunitazama usoni.

“Gervas, umetajwa.”

“Kanitaja nani?”

“Serikali.”

Ukuta ule Felista aliumalizia mwenyewe.

Jeshini walinipima kifua, wakasema nina mabega ya kubebea. Wakanipa machela badala ya bunduki, wakatupakia melini hadi Burma. Kazi yetu ilikuwa kuwatoa majeruhi mstari wa mbele na kuwateremsha milimani hadi kwenye hema la daktari, watu wanne kwa machela moja. Mvua haikatiki, matope magotini, ruba hadi ndani ya viatu. Niliyebeba naye nyuma alikuwa Hamisi, mpagazi wa Tandale, mtu wa maneno mengi. Akituona tumelegea husema, “Twendeni, huyu naye ana mama yake.”

Siku moja tulimbeba koplo aliyepigwa tumboni. Tulikuwa katikati ya mto.

Risasi zikatoka mianzini.

Wawili wa mbele wakaanguka. Machela ikainama.

Hamisi akapita mbele, akaiinua peke yake, maji yakiwa kifuani. “Usimwachie, Gervas!”

Sikumwachia.

Tulipogusa ukingo nilihisi mzigo umekuwa mzito ghafla. Hamisi alikuwa amelala kifudifudi majini.

Yule koplo alipona. Nilimwona kwa macho yangu akinywa uji.

Vita vilipokwisha nikarudi Temeke. Felista alikuwa amekonda, lakini nyumba ilikuwa imesimama. Mwaka uliofuata akashika mimba. Uchungu ulimwanza asubuhi moja ya masika. Bi Mwanahawa, mkunga wa mtaani kwetu, alihangaika naye hadi jua la utosini, kisha akatoka nje akifuta mikono.

“Mwanangu, hili limenishinda. Mpeleke hospitali.”

Hospitali ilikuwa mjini. Temeke haikuwa na zahanati, na gari halikupita kwenye tope lile. Nikakata miti miwili, nikafunga blanketi langu la jeshi kama tulivyofundishwa. Majirani watatu wakashika nami.

Bonde la Keko, lililo kati yetu na mji, lilikuwa limejaa maji. Daraja hakuna.

Tulijaribu mara mbili. Mara zote mkondo ulitaka kutuzoa, tukarudi.

“Tumefika wapi?” Felista akauliza.

“Tumekaribia.”

Nilimdanganya. Alifia pale ukingoni, mchana kweupe, mapaa ya mjini tunayaona. Mtoto akaenda naye.

Nilikuwa nimewavusha watu nisiowajua, katika nchi nisiyoijua, huku napigwa risasi. Mke wangu nikashindwa kumvusha Keko.

Baada ya matanga nilivaa nishani yangu ya vita, nikaenda kwa bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kuomba daraja na zahanati. Akasema shauri hilo lipitie kwa mjumbe wetu wa baraza. Mjumbe wetu alikuwa Mzee Salim, mwenye duka, Mwarabu ambaye babu yake alizikwa hapo hapo Temeke. Alinipa kahawa.

“Shikamoo, mzee. Baraza mmeliambia habari ya Keko?”

“Marahaba. Tunaomba, mwanangu. Haya mambo yanataka adabu.”

“Mmeomba mara ngapi?”

Akaniongezea kahawa. Nikaweka kikombe chini.

“Basi uchaguzi ukifika nitagombea kiti chako.”

Hakukasirika. Alinionea huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitia moto.

Nilipita nyumba kwa nyumba na swali moja: nani wa hapa kafia njiani? Ni nyumba chache zilizonijibu hakuna. Wengine walitaja jina, kisha wakalia mbele yangu kama msiba ni wa jana.

Siku ya uchaguzi watu walipanga mistari uwanjani, kila mmoja nyuma ya mtu wake. Mstari wa Mzee Salim ulikuwa mrefu. Ndipo akaja Bi Mwanahawa, akasimama nyuma yangu.

Karani akamfuata. “Mama, wanawake hawahesabiwi.”

“Msinihesabu. Nimekuja kusimama.”

Wanawake wengine wakaja nyuma yake. Waliwatazama tu waume zao kule ng'ambo. Wanaume wakaanza kuhama, mmoja mmoja, macho chini. Nilishinda.

Kila kikao nilisimama nikataja Keko. Bwana shauri alinichoka. “Kaa chini, Gervas.”

“Nitakaa daraja likisimama, bwana.”

Ilichukua masika matatu, na nilitishwa mara mbili kuondolewa barazani. Daraja likajengwa, na zahanati ya vyumba viwili. Siku ya kuifungua Mzee Salim alinishika mkono.

“Mungu ana hekima, mwanangu. Kifo cha mkeo kimetuletea heri.”

“Hapana, mzee. Felista hakufa ili tupate zahanati. Alikufa kwa kuwa haikuwepo.”

Aliinamisha kichwa. “Umesema kweli. Nisamehe.”

Nikaagana naye, nikaenda Keko peke yangu, nikalivuka daraja jipya. Ni hatua thelathini tu.