Fundo kwenye Bomba la Moshi

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa fundi wa Miembeni kuniomba kitambaa. Nilikuwa nimempelekea pikipiki yangu ya safari, iliyolala bandani tangu petroli ilipoadimika, aifufue niiuze. Marehemu mke wangu aliichukia. "Iuze kabla haijakuua," alizoea kusema.

Fundi akachomoa kwenye bomba la moshi kifurushi cha majani makavu ya mgomba, kimepakwa samli.

"Ndugu, nani kakufungia hivi? Ndani ya bomba hakuna kutu."

Nililitambua fundo. Ndilo marehemu alilofungia kahawa ya kutafuna ya wageni.

"Mke wangu."

"Basi alitaka uiendeshe tena."

Miaka yote hiyo nilidhani tunabishana.

Asubuhi iliyofuata niliiendesha hadi Izigo, kwa mama yake, ambaye sikuwa nimemtazama usoni tangu mazishi ya binti yake.