Wino wa Senge

Harufu ya kalamu ya wino mzito ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Juzi nilikuwa kliniki kupata chanjo ya polio kabla ya safari yangu ya ng'ambo. Nesi alipofungua kalamu ajaze kijitabu changu cha manjano, nikauona ukungu wa kwetu Kimulot ukishuka taratibu juu ya majani chai, na shangazi yangu, tuliyemwita Senge kwa lugha yetu, ameketi kizingitini akimenya viazi, mguu wake mwembamba ameunyoosha mbele.

Polio ilimpata akiwa mdogo kuliko Cherono, mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa na minane, na ujuaji wa mtu wa hamsini.

Wiki hiyo wahudumu wa afya walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wakiwatilia watoto matone mdomoni kisha kuwapaka wino kwenye kidole cha mwisho. Nasi tulikuwa tukijiandaa kwenda Uganda, kwa harusi ya mjomba. Nilisikia mama akiambiwa kwamba ugonjwa huu husafiri na watu, na kwamba mtoto asivuke mpaka kabla ya kupata chanjo. Nilivyoelewa mimi, dawa yenyewe ilikuwa ule wino. Polio ingekutana na Cherono njiani, ingemtazama kidole, ingeuona wino na kupita zake.

Basi sikuona haja ya kungoja. Nilichukua kalamu ambayo baba aliandikia namba yetu kwenye magunia ya chai, nikampaka Cherono kidole vizuri kabisa. Mhudumu alipofika, mama alikuwa amepeleka majani kwenye kituo cha kuuzia chai, na Senge yuko shambani akichuma. Alimshika Cherono mkono, akasema huyu ashapata, akachora alama ya chaki mlangoni akaenda. Nilijiona daktari.

Alasiri, akimwogesha Cherono, mama aliniuliza kama mtoto alilia aliponyweshwa dawa. Nikamwambia kwa fahari kwamba hakunyweshwa kitu, nilimpaka mwenyewe. Mama akaiweka sabuni chini. Hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya chanjo, na safari ilikuwa kesho alfajiri. Sikupigwa, na hilo likanitisha zaidi.

Senge aliweka kisu chini, akaniita karibu.

"Hiyo wino hailindi mtu," aliniambia. "Dawa ni ile ya mdomo. Haya, twende."

Mama alimsihi abaki, lakini Senge alikuwa ameshashika fimbo yake na kuingia njiani. Mama akambeba Cherono mgongoni, mimi nikafuata nikilia polepole. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vichaka vya chai, na mara nyingine sikumwona Senge, nilisikia tu fimbo yake ikigonga changarawe. Siku zote alikuwa mtu wa kupumzika kwenye kila kona. Siku hiyo hakupumzika hata mara moja.

Tuliwakuta wahudumu zahanati wakifunga kisanduku chao cha baridi. Cherono alipata matone yake mawili, akakunja uso, akapakwa wino wa halali juu ya ule wangu. Ndipo Senge akanyoosha kidole chake cha mwisho, cheusi kwa utomvu wa majani chai.

"Na mimi nipake."

Mhudumu alicheka, akasema hiyo ni ya watoto.

"Najua," Senge alisema. "Wakati wangu hamkufika kwetu."

Mhudumu aliacha kucheka. Akamshika mkono na kumpaka, bila haraka.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho, kwamba hata Senge aliuamini wino. Nilikuwa mjinga. Pale zahanati hapakuwa na mtu aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba wino haungemsaidia kitu. Alitaka tu, kwa siku chache, kuwa mmoja wa watoto waliofikiwa.

Juzi nesi alipomaliza kuandika, nilinyoosha kidole changu cha mwisho. Akatabasamu, akaniambia watu wazima hawapakwi.

Nikamwambia najua, anipake tu.