Shuka Nyeupe juu ya Kyavinyonge

Shangazi yangu Hadjara hakuzaliwa ziwani. Alizaliwa Butembo, mji wa baridi, katika familia ya wafanyabiashara Waislamu, na hadi alipoolewa hakuwa ameona maji mapana kuliko mto. Bwana yake, Jumaine, alikuwa na lori lililobeba mafuta ya mawese kutoka upande wa Mabalako hadi Beni na Kasindi, na kurudi na chumvi. Mwaka wa tatu wa vita askari walilisimamisha njiani wakasema wanalihitaji kwa siku mbili tu. Halikurudi.

Jumaine aliteremka Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, akanunua mtumbwi wa mvuvi mmoja aliyeitwa Kasonia, akaushonea tanga la bâche ya bluu, ile wanayopewa wakimbizi waezekee vibanda. Mota hakutaka. Mashua yenye mota ilichukuliwa kama lori lilivyochukuliwa, na mtumbwi wenye watu wengi uliulizwa unapeleka nani na wapi. Lakini mtu mmoja, peke yake, chini ya tanga lenye viraka, hakuna aliyejisumbua naye. Ndiyo sababu alivuka peke yake na mafuta yake mpaka Katwe, ng'ambo ya Uganda, na kurudi peke yake na chumvi.

Hadjara alimfuata Kyavinyonge. Walipanga nyumba ya udongo juu ya kilima, na kutoka uani mwake aliona ufuo wote, mitumbwi, vibanda vya kukaushia samaki, na viboko waliopanda kula majani nyuma ya nyumba za watu kana kwamba ni ng'ombe wa mtaa.

Kasonia alipouza mtumbwi aliuza na sheria yake. Ufuoni pale, mtu akishaaga nyumbani kwake amekwisha kusafiri, hata kama upepo umemzuia na mtumbwi bado uko mchangani. Haingii tena mlangoni pake mpaka avuke na kurudi. Analala chini ya kibanda karibu na mtumbwi, hasemi na mke wake, na chakula chake hutoka kwenye moto wa nyumba nyingine. Anayevunja sheria hiyo hapati mtu wa kumsaidia kusukuma mtumbwi, na akipotea majini hakuna atakayemtafuta.

"Mais lakini, haya ni mambo ya wapagani," Hadjara alisema mara ya kwanza.

"Ni mambo ya watu watakaonitafuta," Jumaine alimjibu.

Moto wa nyumba nyingine ulikuwa wa Safi. Huyu alikuwa mjane, mkaushaji samaki, na kibanda chake cha moshi kilikuwa cha mwisho ufuoni, karibu na mtumbwi wa Jumaine. Watu walimwita Mama Sagesse, kwa jina la binti yake aliyekuwa akisoma Butembo. Hadjara hakuwa na mtoto. Walikuwa karibu rika moja.

Kitu kimoja Safi hakuwa nacho. Ufuo ule umejificha nyuma ya matete na rasi, na mtu aliyesimama mchangani haoni upande wa kusini, kule upepo mbaya unakoanzia. Hadjara, juu ya kilima, aliona mpaka maji yanapokutana na mbingu. Kwa hiyo yeye na Jumaine walipatana. Kukiwa kubaya, atatundika kwenye kamba ya nguo kitenge chekundu. Kukiwa kuzuri, atatundika shuka nyeupe. Kila alfajiri Jumaine alisali kwenye mkeka wake, akakunja mkeka, kisha akainua macho kwenye kamba. Wakati huo Hadjara alisimama nyuma ya nguo, asionekane, akiangalia jinsi anavyoangalia. Hicho ndicho kilikuwa chake. Mwingine alimpa bugali, yeye alimpa ziwa.

Kwa safari za kwanza hali ya hewa haikumzuia sana. Siku moja, siku mbili, kisha upepo wa asubuhi kutoka milimani ukamsukuma vizuri mpaka ng'ambo. Halafu ukaja msimu ambao kusini hakukufunguka. Kitenge chekundu kilikaa kwenye kamba mpaka rangi yake ikaanza kufifia kwa jua. Jumaine alikuwa ameaga, bidon, yale madumu ya mafuta, zimekwisha kupangwa ndani ya mtumbwi, na hakuwa na pa kwenda. Alikaa.

Hadjara aliona yote. Alimwona Safi akitoka na sahani iliyofunikwa, akainama kuiweka, na kwa siku za mwanzo akaondoka mara moja. Baadaye hakuondoka mara moja. Alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi akisubiri sahani. Baadaye tena alikuja na kisu na samaki wake, akawa anawapasua palepale wakizungumza. Kutoka kilimani maneno hayasikiki, lakini kicheko kinapanda. Hadjara alikijua kicheko cha bwana yake. Hakujua kwamba kinaweza kutoka mara nyingi hivyo kwa siku moja.

Alijaribu kutoangalia. Alipika, akafua, akasali. Kila alichofanya uani kilimgeuza uso kuelekea ziwani.

Kisha tanga likachanika. Upepo wa mchana ulilipasua likiwa limetandazwa juani, na kesho yake Hadjara aliwaona wawili wamekaa na bâche juu ya magoti yao, mmoja upande huu, mwingine upande ule, sindano ikipita katikati. Jioni Jumaine alilipandisha kulijaribu. Katikati ya bluu palikuwa na kiraka kikubwa cha kitenge cha njano chenye ndege weusi. Kyavinyonge nzima ilikijua kitenge hicho. Safi alikivaa kila Jumapili kanisani.

Berthe, jirani wa Hadjara, alikuwa amekuja kuomba makaa. Alisimama, akaangalia chini, akakunja mikono.

"Yaya Hadjara," alisema, kama anavyoitwa dada mkubwa, "naona bwana yako ameshonesha."

"Ni kiraka."

"Ndiyo, kiraka. Kwetu mutu akivaa kitenge moja na mwanamuke, tunauliza arusi ilikuwa siku gani."

"Chukua makaa yako, Berthe."

"Nachukua. Mais na kule Katwe bataona. Batasema, ule mwenye ndege ni bwana ya nani?"

Aliondoka akicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anavyomcheka mwingine aliyemwaga maji. Hadjara alibaki amesimama. Wakati huo hakuwaza kwamba Jumaine amelala na Safi. Angewaza hivyo angekuwa na jambo la kulilia, na wazazi wa kwenda kulalamika kwao. Kilichomkaa rohoni ni kidogo zaidi na hakikutoka. Kwamba nguo ya yule mwanamke itavuka ziwa pamoja naye, itamfunika jua, na yeye Hadjara hajawahi kupita hata rasi.

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya adhana. Ziwa lilikuwa laini kama bati jipya. Upepo wa milimani ulikuwa umeanza, mwepesi, mzuri. Lakini kusini kabisa, juu ya maji, kulikuwa na wingu la rangi ya chuma, si kubwa, limelala chini. Alilijua. Kwa msimu mzima alikuwa ametundika nyekundu kwa ajili ya mawingu madogo kuliko hilo.

Alishika nguo zote mbili mkononi. Alijiambia kwamba huenda wingu likabaki kule. Alijiambia kwamba Jumaine atakuwa amepita Ishango, njiani kwenda Katwe, kabla halijafika. Chini, Jumaine alikuwa akikunja mkeka wake, na mlango wa kibanda cha Safi ulikuwa unafunguka, na moshi wa kwanza wa siku unatoka. Hadjara alitundika shuka nyeupe.

Jumaine aliinua macho. Alisimama kidogo, kama asiyeamini bahati yake, kisha akaanza kubomoa kibanda. Safi alimwendea haraka. Alinyoosha mkono kuelekea moshi wake, uliokuwa umelala chini badala ya kupanda. Alisema maneno mengi. Jumaine alitikisa kichwa, akanyoosha kidole juu, kilimani, kwenye kamba.

Hadjara alikiona kidole kile. Alifurahi kuliko siku ya arusi yake, na furaha hiyo ilidumu mpaka mtumbwi ulipoyapita matete.

Upepo wa kusini ulifika kabla jua halijapasha mabati ya nyumba. Kwanza maji yalibadilika rangi kwa mbali, kisha migomba nyuma ya nyumba ikageuka yote upande mmoja. Hadjara aliivuta shuka, ikachanika kwenye msumari, akatundika kitenge chekundu. Tanga lilikuwa tayari doa dogo la bluu. Halafu hakuona doa.

Safi alipanda kilima. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia uani pale. Alisimama mbali na mlango, akihema, nguo zake zikinuka samaki na moshi.

"Ulitundika nyeupe," alisema.

"Nilitundika."

"Miye nilimwambia moshi iko nalala vibaya. Akaniambia, Mama Sagesse, wee unaona moshi, bibi yangu anaona ziwa." Safi alijipangusa uso kwa kiganja.

Walisimama wakiangalia maji pamoja, kila mmoja na upande wake wa ua, mpaka mvua ilipowafukuza.

Mitumbwi haikuweza kutoka siku hiyo. Upepo ulipolegea, Kasonia na wavuvi wengine walikwenda kumtafuta, kwa sababu alikuwa ameshika sheria yao. Walimkuta upande wa Ishango, ametupwa mchangani, amekaa juu ya bidon moja iliyobaki, akiwaangalia viboko nao wakimwangalia. Mlingoti ulikuwa umevunjika. Mafuta yote mengine yalikuwa yamekwenda. Walifunga mtumbwi wake nyuma ya mtumbwi wao, wakamrudisha Kyavinyonge.

Hadjara alishuka mbio mpaka nusu ya kilima, na hapo akasimama. Jumaine hakuwa amevuka. Alikuwa bado safarini. Walimsaidia kusimamisha kibanda chake palepale, na Safi akatoka na sahani iliyofunikwa.

Ilikuwa hivyo siku nzima. Hadjara alikaa kwenye jiwe la njiani akimwona bwana yake mzima, mwenye jeraha kwenye bega, akilishwa na mwingine. Mara moja Jumaine aligeuka akamwona. Hakutabasamu, hakukasirika. Aliinama akasema kitu kwa Safi, na Safi akapanda.

"Amenituma," Safi alisema. "Anauliza: ulikuwa unaona wingu, ama hapana?"

Hadjara angeweza kusema hapana. Kulikuwa na giza, kulikuwa na ukungu, nani angejua. Lakini aliyekuwa mbele yake ni mwanamke ambaye moshi wake ulijua.

"Niliona."

Safi alikaa kwenye jiwe la pili. "Ulifanya vile juu ya miye?"

"Juu ya ile kitenge."

"Ilikuwa ndiyo nguo yangu ya nguvu," Safi alisema. "Nyingine zote zimeoza na moshi. Ningeweka nini, gazeti?" Akaongeza, bila kuinua sauti: "Mais sitakudanganya, Mama. Bwana yako anachekesha. Nilicheka. Wangu alikufa, miye sikukufa."

Hadjara alimwangalia mikono, iliyojaa makovu madogo ya mifupa ya samaki. Alitamani kumchukia vizuri, kwa mara moja, na hakuweza kupata mahali pa kuanzia.

"Nimwambie nini?" Safi aliuliza.

"Mwambie hivyo nilivyosema."

Safi alishuka. Hadjara alimwona akikaa kwenye ukingo wa mtumbwi na kusema. Jumaine alisikiliza huku akichonga mlingoti mpya. Kisu chake kilisimama, kisha kikaendelea. Kicheko hakikupanda jioni hiyo, na hata kwa hilo Hadjara alimwonea Safi wivu, kwamba ni yeye aliyekaa karibu na kimya kile.

Alfajiri iliyofuata kusini kulikuwa kubaya. Hadjara alitundika nyekundu. Jumaine alisali, akakunja mkeka, akageuka kuelekea kibanda cha moshi. Hakuinua macho.

Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata vilevile. Hadjara alitundika ukweli kila asubuhi, akasimama nyuma yake, na hakuna aliyeuangalia. Berthe alimwambia aache, nguo itaisha. Hakuacha. Alianza kuangalia ziwa kwa namna ambayo hakuwahi kuliangalia, mawingu na yaliyo chini ya mawingu, rangi ya maji, ndege wanakimbilia wapi. Tanga lilipandishwa tena kujaribiwa. Njano ilikuwa imeshika. Chini yake bâche ilikuwa imepasuka kwingine kote, ikashonwa.

Kisha ikaja asubuhi ambayo kusini kulikuwa wazi mpaka mwisho. Hakuna wingu, hakuna mstari. Milima ya Ruwenzori ilionekana yote, na theluji yake. Hadjara alichukua shuka nyeupe, iliyoshonwa pale ilipochanwa na msumari, akaitundika na kuinyoosha pembe zote.

Jumaine alikunja mkeka. Alimwendea Safi, akamwuliza kitu, akionyesha moshi.

Moshi ulikuwa unapanda, umenyooka. Safi aliuangalia. Aligeuka, akaweka kiganja juu ya macho yake, akatazama kilimani, kwenye kamba ya Hadjara, akatazama kwa muda mrefu. Ndipo akarudisha uso kwa Jumaine na kutikisa kichwa kwamba ndiyo.

Watu walisukuma mtumbwi. Tanga lilipanda na ndege wake. Hadjara alitoka nyuma ya shuka, akasimama mahali anapoonekana, na aliyemwona ni Safi.