Maombi Yanayojibiwa

Jumapili iliyopita, katika kanisa letu la Wakongo mtaa wa Phillips, huku ughaibuni, mchungaji alimsimamisha mbele seneta wa jimbo letu, akatuomba tunyooshe mikono tumuombee. Sasa mheshimiwa anautaka ugavana.

Tulinyoosha sote, isipokuwa mama mmoja kando yangu aliyebaki amekumbatia mkoba wake.

"Huombi, mama?" nikamnong'oneza.

"Kwa huyu nimechoka," akajibu bila kushusha sauti. "Alikuja akitafuta ubunge, tukamuombea, akapata. Akarudi akitaka useneti, tukafunga na kuomba, akapata. Hita ya jengo letu imekufa tangu baridi ianze, watoto wanalala na makoti, na kila nikipiga simu ofisini kwake naambiwa atanipigia."

"Pengine Mungu bado anaandaa jibu."

"Mungu anajibu vizuri sana. Tatizo tunamuombea mtu mmoja tu."

Ibada ilipokwisha, mheshimiwa alipita akisalimia watu, amevaa shati la kitenge aliloshonewa na akina mama wa kanisa. Akaushika mkono wa yule mama kwa mikono yake miwili. Mama akamwambia kwa Kiswahili, "Mimi naomba ushindwe, baba, upate nafasi ya kupokea simu."

Mheshimiwa akamgeukia mchungaji amtafsirie. Mchungaji akakohoa kidogo.

"Anasema Mungu akubariki," akamwambia kwa Kiingereza.

"Amina!" akasema mheshimiwa.

Nasi tuliosikia vizuri, tunaolalamika kila wiki kwamba wakubwa hawatusikilizi, tukaitikia kwa pamoja, "Amina."